UZI WA HASIRA: acheni kukata vichwa vya ramani za mvua!!

Wakuu nimevumilia vya kutosha, leo naongea. Kuna tabia imeota mizizi kwenye magrupu, mtu anachukua ramani ya modeli ya hali ya hewa (ile hesabu ya kompyuta inayokadiria hali ya hewa ya siku za mbele), anaikata pale juu penye maandishi, anabakiza yale marangi ya zambarau na wekundu, anaandika "Alhamisi jiandaeni, mm 150 zinashuka", anatupia, watu wanasambaza. Hajasoma kitu, kaona rangi tu.

Mimi imenikuta. Jumatatu ramani ya hivyo ikaingia grupu, na Alhamisi yake nilikuwa namwaga zege, mafundi wameshapangwa, mashine ya kuchanganyia imeshalipiwa, na mnajua zege bichi likipigwa na mvua kubwa sementi inaoshwa kokoto zinabaki wazi, nikaahirisha mpaka Jumanne ya wiki inayofuata. Alhamisi likawaka jua kutwa nzima. Jumanne tumeanza asubuhi vizuri, saa tisa alasiri wingu likajikusanya ghafla likapiga dakika arobaini, uso wote wa zege ukawa kama umepitishwa reki. Sasa kinachoniuma hasa, jioni ile ile jamaa wa ramani anaandika "si niliwaambia". Hukutuambia kitu wewe!

Nikaenda kuitafuta ramani ile ile kwenye chanzo chake, ikiwa nzima. Ni ya GFS, modeli ya Marekani, na pale pale alipokata paliandikwa ni JUMLA ya mvua ya saa 240. Saa 240 ni siku kumi jamani! Zile mm 150 ni maji ya siku kumi yamejumlishwa pamoja, halafu mtu anayabandika yote kwenye Alhamisi moja. Nikafungua siku moja moja, Alhamisi ilikuwa na mm 3, na karibu maji yote yalirundikwa siku ya tisa na ya kumi. Nikafungua toleo lililofuata, la masaa sita baadaye, yale maji hayapo tena.

Na wala si ajabu. GFS inaendeshwa mara nne kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 za UTC (UTC ni saa ya pamoja ya dunia, nayo msiisahau, saa 12 ya pale ni adhuhuri ya Greenwich, geuza kwanza kwa saa za unapoishi ndo useme ni asubuhi au usiku), na kila ikianza inapokea vipimo vipya vya satelaiti, maputo, ndege na vituo vya ardhini. Vipimo havitoshi dunia nzima, kwahiyo hesabu inaanza na kakosa kadogo na kila siku inayopita kale kakosa kanakua. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Edward Lorenz, mwaka 1961 alirudia hesabu yake kwenye kompyuta akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, basi, hali ya hewa ya mbele ikatoka kitu kingine kabisa. Wewe unashika siku ya tisa ya toleo moja unawaapia watu?

Ndo maana wenye modeli zao hawaendeshi hesabu moja tu. Marekani wana kundi la nakala 31, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, wana 51, kila nakala mwanzo wake umesogezwa kidogo sana. Zikienda njia moja, unaweza kuegemea. Zikitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, ujue siku hiyo bado haijulikani. Nilikaa nikahesabu zile 31 kwa tarehe zile, mvua kubwa ilikuwepo kwenye 4 tu. Hiyo ndo habari aliyotakiwa kuandika: nafasi ipo ndogo, tuangalie tena kesho.

Mvua ya Jumanne ni kesi nyingine kabisa na haihusiani na ramani yake. GFS inagawa dunia kwa visanduku vya kama kilomita 13, ya Ulaya kilomita 9, na wingu la radi upana wake mara nyingi ni kilomita chache tu, kwahiyo modeli hailioni wingu lenyewe, inakadiria tu kwamba humu ndani ya kisanduku kunaweza kuchemka. Aplikesheni yangu siku ile ilionyesha kijua kikubwa cha njano na pembeni kwa maandishi madogo 30%. Hapa pia nina hasira na waliobuni hiyo picha. Asilimia 30 maana yake ukipata siku kumi za namna ile, tatu hivi utalowa, haina uhusiano na mvua kunyesha theluthi ya siku wala kuwa mvua ndogo. Kwa mtu mwenye zege bichi tatu kwa kumi ni nyingi mno, angeandikiwa wazi kwamba mchana kuna hatari ya radi angeandaa maturubai. Unamchoreaje jua?

Kwahiyo naomba, na naomba kwa ukali: ukiposti ramani weka na kichwa chake, ni modeli gani, toleo la tarehe na saa ngapi, ni mvua ya siku moja au jumla. Ikizidi siku tano sita weka na picha ya lile kundi la nakala, usilete toleo moja. Na ukikosea rudi useme umekosea.

Na wewe mwenye "si niliwaambia", najua humu unapita. Ile ramani ya Jumatatu iweke hapa chini, nzima, bila kuikata.