Naombeni ushauri: nikasomee uuguzi wa afya ya akili au nibaki nilipo?

NesiTulivu
Wakuu habari za humu ndani. Mimi ni nesi wa diploma, hospitali ya wilaya, nyanda za juu kusini. Kliniki ya akili kwetu tumeachiwa mimi na tabibu mmoja. Nachoma sindano ya akili ya Modecate kila asubuhi, nagawa dawa za kifafa, najaza rejista, basi. Kazi nimeipenda na nataka kubobea huko. Tatizo kila ninayemuuliza ana lake: huyu anasema soko hakuna, yule anasema wagonjwa watanipiga, mama mkwe ndiyo kabisa, anasema nitawaletea watoto ukichaa nyumbani. Niende au nibaki? Wajuzi nisaidieni, usingizi sipati. Matusi hapana.

Kibatari
Mama mkwe mfungulie faili kwanza, mengine yatafuata.

Mzee wa Chati
Hilo la kupigwa niliseme mimi. Mgonjwa hakurupuki tu akapiga. Anaanza kutembea huku na huku, sauti inapanda, ngumi inakazwa, anakukazia macho. Nesi aliyefundishwa anaanza kazi hapo hapo. Anasimama umbali wa mikono miwili, ubavu kidogo badala ya kifua kwa kifua, viganja vinaonekana, hamzibii mgonjwa mlango na wala haruhusu yeye kuzibiwa. Anayeongea ni mmoja tu. Manesi watatu wakiamrisha kwa pamoja, ugomvi wameuanzisha wao.

Maneno yakishindwa, kushika ni kazi ya timu: mmoja kila kiungo, na mmoja kichwani ambaye kazi yake ni kutazama pumzi na kuendelea kusema na mgonjwa. Hakuna kumlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni, hivyo ndivyo watu wanavyofia mikononi mwa wahudumu. Akishachomwa haloperidol, dawa ya kutuliza, 5 mg ya msuli, presha, mapigo na upumuaji hupimwa kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Diazepam ya msuli achaneni nayo, mwili unaifyonza bila mpangilio. Ichomwe kwenye mshipa taratibu, au apewe vidonge.

Kibatari
Mzee, kauliza aende shule au asiende.

BintiMakole
Dada, jibu linategemea unaenda shule ipi. Kwa hapa Tanzania diploma yetu ni uuguzi na ukunga wa jumla, miaka 3, ngazi ya NTA 4 hadi 6. Afya ya akili imo ndani yake kama somo pamoja na wiki chache za vitendo, wengine hupelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, wengine ya Lutindi kule Korogwe. Hiyo haikufanyi kuwa mbobezi. Njia iliyonyooka ni kupanda kwenda shahada ya uuguzi, ambako vyuo huangalia GPA ya diploma kuanzia 3.0, halafu shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili pale chuo kikuu cha MUHAS, miaka 2. Ni ndefu, lakini inaingia kwenye muundo wa utumishi na mwajiri anaijua.

Sasa wewe umepata wapi?

Mnyenyekevu
Uuguzi ni wito. Vijana mnatanguliza mshahara, mnasahau mgonjwa. Jiulize kwanza kama unawapenda.

NesiTulivu
Nawapenda, na mshahara sijautaja popote. BintiMakole, chuo ni cha nje na kina usajili. Naomba turudi kwenye swali, fani ina soko au haina?

Pwani_Tatu
Kama ni Kenya, mbona waficha? Huku KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana stashahada ya juu ya uuguzi wa afya ya akili, mwaka mmoja, yaani unaingia ukiwa tayari ni nesi mwenye leseni. Wanafunzi wa Nairobi wazungushwa hospitali ya akili ya Mathari, kuanzia wodi za wagonjwa wapya hadi zile za waliotumwa na mahakama. Uganda nao wana kozi ya uuguzi wa akili ya kuanzia mwanzo, cheti na diploma, na vitendo ni hospitali ya akili ya Butabika. Ukisomea kwa jirani, kabla hujalipa chochote uliza baraza la kwenu kama watakuandikia sifa hiyo kwenye leseni.

BintiMakole
Hajataja Kenya. NesiTulivu, maswali manne: nje wapi, nani amekisajili, kozi ya muda gani, na vitendo unafanyia wodi ipi?

NesiTulivu
Haya. Ni kozi ya mtandaoni, miezi 6. Cheti kinaandikwa stashahada ya juu ya uuguzi wa afya ya akili. Tunaletewa na wakala, naye atatuunganisha na hospitali za Uingereza kwa sababu manesi wa akili huko wanatafutwa. Jumla milioni 4.2, nimeshalipa 2.5. Barua ya kuacha kazi nimeandika ila sijaipeleka.

Kabla hamjanirukia: ana ofisi, ana mhuri, na kwenye kundi la WhatsApp tuko wengi tu. Vitendo atasimamia yeye baadaye. Na mimi wodi ninayo tayari kazini, nitajifunzia hapo.

Kibatari
Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

JiraniWaLeeds
Dada, soma hii polepole. Uingereza uuguzi umegawanyika fani nne tangu shuleni: watu wazima, watoto, ulemavu wa kujifunza, na afya ya akili. Baraza lao, NMC, linaangalia mafunzo yaliyokupa leseni nyumbani. Mtu wa uuguzi wa jumla kwa kawaida anaingia kwenye fani ya watu wazima. Cheti cha miezi 6 ambacho TNMC, baraza la uuguzi la Tanzania, hawajawahi kukitambua hakikuhamishi kwenda fani ya akili, maana NMC hawamuulizi wakala, wanataka uthibitisho kutoka kwa baraza lako lenyewe.

Halafu kuna mtihani. Sehemu ya kwanza ni ya kompyuta: hesabu za dawa maswali 15 kwa nusu saa, na uuguzi maswali 100 kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya pili ni OSCE, yaani mtihani wa vitendo, inafanyika Uingereza kwenyewe, vituo 10: vinne ni mgonjwa mmoja unayemtathmini, kumpangia, kumhudumia na kufanya majumuisho, vinne ni vya ujuzi wa mikono, viwili vya kuandika tu. Ada yake inakaribia pauni 800. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS wanataka alama 7, kuandika wanakubali 6.5. Hayo wakala amekuambia?

Kubwa kuliko yote ni hili. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ile ya 2023 yenye nchi 55. Mwongozo wa Uingereza unakataza waajiri na mawakala wao kuja kusaka manesi kwenye nchi hizo. Nesi mwenyewe anaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri, hakuna anayemzuia. Wakala anayefungua ofisi kukusanya manesi wa hapa ndiye asiyeruhusiwa. Na kumtoza mtu hela ili umtafutie kazi, kwao ni kosa la kisheria.

SindanoButu
Mimi nashangaa hayo ya kusomea akili kwenye simu. Wodini mwanafunzi anaandika mazungumzo yake na mgonjwa kwenye safu nne: alichosema mgonjwa, alichosema yeye, alichojisikia, na kwa nini jibu lake lilisaidia au liliharibu. Mwalimu anakaa na karatasi hiyo. Kila ulipoandika "usijali, utapona" anapiga mstari mwekundu, kwa sababu hapo umemfunga mgonjwa mdomo. Programu ya kompyuta itakuona wapi?

Chukua na shingo. Kijana wa miaka 20 amechomwa haloperidol jana, leo shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeukia juu, ulimi unatoka. Ndugu wanasema mapepo, nesi mgeni anasema degedege anakimbilia diazepam. Aliyekwisha kuona mara moja tu anajua ni dawa: promethazine 25 hadi 50 mg ya msuli, shingo inaanza kulegea mbele ya macho yako, kisha benzhexol ya vidonge. Asipotibiwa, huyo kijana hamezi dawa tena maisha yake yote, na nani atamlaumu.

FundiSaa
Jamani, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa wiki hii, uzi wa kwanza ni huu. Anasema anachoma Modecate kila asubuhi. Modecate ni ya mafuta, mtu anachomwa mara moja kwa wiki 2 hadi 4 au zaidi. Kila asubuhi ungeua wilaya nzima. Huyu ndiye wakala. Anapima upepo, kesho atarudi na akaunti nyingine aseme amepata viza, namba ya simu hii hapa.

Mnyenyekevu
Nami nilihisi.

Kibatari
Au ni mwanafunzi wa chuo, mmemfanyia kazi ya nyumbani bure. Mzee wa Chati peke yake amemwandikia kurasa mbili.

Mzee wa Chati
Hata kama. Waliosoma wamefaidika.

FundiSaa
Apimwe. NesiTulivu, kama ni nesi kweli: Modecate kwa nini inataka sindano na bomba vikavu? Na ya kwanza kabisa unampa mgonjwa kiasi gani?

NesiTulivu
Sikutegemea kufanyishwa mtihani kwa hela yangu mwenyewe iliyopotea. Inavurugika. Tone la maji likibaki ndani ya bomba mafuta yanakuwa na ukungu. Ya kwanza ni 12.5 mg, nusu ya kichupa cha 25, kuona mwili unavyoipokea kabla ya kumpa kamili. Sindano ni namba 21, misuli ya tako, robo ya juu upande wa nje, ngozi unaivuta pembeni kwanza ili mafuta yasirudi njiani, na ukimaliza husugui. Kila asubuhi nilimaanisha kila asubuhi kuna mtu wa kuchomwa, kila mmoja na tarehe yake kwenye kadi. FundiSaa, umeridhika?

SindanoButu
Nesi huyo. Wakala gani atajua habari ya kutosugua.

FundiSaa
Nesi nimekubali. Ila umeandika "hela iliyopotea". Dakika ishirini zilizopita ilikuwa ada.

NesiTulivu
Ulimi umeteleza. Sijasema imepotea. JiraniWaLeeds, wakala anasema kuhusu vitendo ataniandikia barua kwamba nilifanya saa zote kwenye wodi ya akili. Kliniki si nafanya kweli? Si uongo wote.

JiraniWaLeeds
Barua hiyo ikigundulika ni kughushi, na jina chini yake ni lako. Yeye hana leseni ya kupoteza, wewe unayo.

BintiMakole
Sikiliza, barua ya kuacha kazi usiipeleke. Ukiacha kazi serikalini kurudi ni kwa kibali, na kibali hakiji kwa kupiga simu. Kama lazima usome, omba ruhusa ya masomo, jina liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, uendelee kulipwa ukiwa chuoni. Leo kusanya risiti, meseji za muamala na kila alichoandika WhatsApp, piga picha za skrini kabla hajafuta kundi. Mwandikie barua ya kudai ulichompa, mpe tarehe, baki na nakala iliyopokelewa kwa saini. Akikaa kimya unakwenda polisi na bahasha kamili, si hadithi. Na muombe kibali cha uwakala. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na kibali cha Kamishna wa Kazi. TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, nao waulize.

Hamu yako ya kujifunza isingoje hayo. Tafuta mwongozo wa mhGAP wa WHO, wa kutibu magonjwa ya akili, ni bure, umeandikwa kwa ajili ya kliniki kama yako, na tabibu wako ausome pia.

NesiTulivu
Nimempigia. Anasema nikimalizia iliyobaki kabla ya Ijumaa ananipunguzia laki tatu. Nimemuuliza kibali, anasema kiko Dar, ofisi ya huku ni tawi.

Kibatari
Hapo sasa chai imeiva, ila ni ya wakala.

BintiMakole
Tawi halali haliwezi kukosa nakala. Kesho nenda na mtu, omba kuiona hapo hapo, andika namba yake, ndipo uipigie ofisi ya kazi ya mkoa. Hela ya Ijumaa isitoke.