Mzazi akiishiwa nguvu kazini, mwajiri anadaiwa nini?

Mama Githurai (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, ninafanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja mtaani Upper Hill, Nairobi. Huamka saa kumi alfajiri, huwaandaa watoto wawili, hupanda matatu kabla ya saa kumi na mbili ili nisikwame kwenye msongamano wa barabara ya Thika, na nikirudi saa mbili usiku yule mdogo amekwisha kulala. Mkubwa hunisubiri na kazi za mtaala wa umilisi zinazotaka mzazi akate maboksi na kubandika picha. Mwezi uliopita tuliletewa mtaalamu wa kutufundisha kupunguza msongo wa mawazo, na somo hilo likawekwa saa kumi na moja jioni, kwa lazima. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba uchovu wa aina hii hutokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, kwa hiyo naamini tiba yake ianzie kwenye kazi yenyewe. Mwajiri anayetaka kweli kumsaidia mzazi aanzie wapi?

Mwenye Karakana

Pole sana, dada. Ila tusizungumze kana kwamba kila mwajiri ana jumba Upper Hill. Mimi nina karakana ya watu saba. Mmoja wao alipojifungua nilimpa miezi mitatu kwa mshahara kamili, kama Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inavyotaka, na miezi hiyo yote nililipa watu wawili kwa nafasi moja bila kurudishiwa hata shilingi. Hilo nalo ni uchovu. Mama zetu walilima, wakachota maji, wakalea watoto wanane bila kulalamika. Mzazi wa leo atafute yaya mzuri, na mengi yatatulia.

Baba Mapacha

Mzee, nakuheshimu, lakini usimseme mama yangu kwamba hakulalamika. Alilalamika, na sisi watoto ndio tuliomsikia. Tena hakulea peke yake: nyanya alikuwa jiko la pili, shangazi alikuwa ng'ambo ya ua, na shamba halikumtumia ujumbe saa nne usiku likidai ripoti.

Halafu mbona kila mtu anasema mama, mama? Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kulea. Mimi nilipewa wiki mbili za kisheria mke wangu alipojifungua mapacha kwa upasuaji, na siku ya nne nikapigiwa simu nikiwa nimembeba mtoto mmoja kila mkono. Mwaka 2022 muswada ulipelekwa Seneti wa kumpa mfanyakazi haki ya kutoshika simu ya kazi baada ya saa zake. Wakati ule waajiri walilalamika kwamba uchumi ungeathirika. Watoto wetu hawakuulizwa.

Afisa wa Utumishi

Nijibu swali la mwanzisha mada, kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu. Anzeni na saa. Ofisi niliyopo iliwaruhusu wazazi kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa alasiri, jumla ya saa zikabaki zilezile, na kwa mtu wa Githurai au Kitengela hiyo ina maana ya kukwepa foleni ya jioni na kumkuta mtoto macho. Haikutugharimu chochote, ila wakubwa walilazimika kuacha kuitisha mikutano ya saa kumi.

Pili, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kuweka chumba cha kunyonyeshea chenye maji ya kunawia, jokofu, kiti na meza, kisiwe chooni, na inampa mama mapumziko ya kunyonyesha au kukama maziwa yasiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Nimeona chumba cha namna hiyo kikigeuzwa stoo ya majalada baada ya wakaguzi kuondoka.

Mwenye Karakana

Baba Mapacha, umenijibu kuhusu mama yako, hukunijibu kuhusu fedha. Nami nikuulize: yaya wako huingia kazini saa ngapi, na hutoka saa ngapi? Wewe pia ni mwajiri.

Baba Mapacha

Yaya wetu ni kama mtu wa familia.

Dada wa Umoja

Nimesoma kimya tangu asubuhi, lakini hilo la familia limenichoma. Mimi ni yaya. Mtoto wangu ana miaka mitano, yuko Kitui kwa mama yangu, na mwaka huu nimemwona mara mbili. Huamka kabla ya wenye nyumba na hulala baada yao. Sheria inasema siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mimi hupewa Jumapili mbili kwa mwezi. Amri ya mishahara ya mwaka 2024 ilitaja shilingi 16,113 kwa kazi yangu hapa Nairobi, na mimi hulipwa 9,000. Mnapozungumza kuhusu wazazi wanaofanya kazi, naomba mnihesabu.

Mama Githurai

Dada, maneno yako yameniumiza, na sitaki kujitetea sana. Mshahara wangu ukitoka, kodi ya nyumba na karo huchukua zaidi ya nusu. Simlipi dada wa nyumbani kwangu hicho kiwango. Nikikilipa, nitashindwa na nauli.

Mwenye Karakana

Basi sasa umeelewa hesabu zangu.

Afisa wa Utumishi

Mzee, hesabu zako zina haki. Likizo ya uzazi ingelipwa na mfuko wa pamoja ambao waajiri wote wanauchangia, usingehofu kuajiri mama kijana. Afrika Kusini hulipa hivyo kupitia bima ya wasio na ajira. Lakini kubadilisha saa hakuhitaji mfuko wowote.

Dada wa Umoja

Mama Githurai akiruhusiwa kutoka saa tisa, dada wa nyumbani kwake atatoka saa ngapi?

Mama Githurai

Nikifika saa kumi na nusu, naweza kumwachilia saa kumi na moja, na Jumapili zote. Mshahara sijui nitaupandisha vipi, labda kidogo kidogo kuanzia mwezi wa kwanza. Afisa, naomba unieleze barua ya kuomba zamu hiyo ya kuanza saa moja asubuhi niielekeze kwa nani, kwa sababu mkuu wangu wa idara ndiye huyo anayeitisha mikutano ya saa kumi.