Majirani Tabata: mimea ya Mama Doreen

Mama Doreen: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Ijumaa tunapanda Rombo kula sikukuu, kurudi mwaka mpya. Dada wa kazi naye anakwenda kwao. Mimea yangu ya kwenye ndoo barazani nifanyeje na jua hili la Desemba?

Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Kwanza zitoe hizo ndoo barazani, zipeleke nyuma chini ya mwembe, zibanane. Kivuli peke yake ni nusu ya kazi. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu.

Frank: Chupa ya maji ya lita moja na nusu, mama. Toboa kifuniko kwa sindano ya moto, jaza, pindua, chomeka. Kwisha habari 😎

Mama Doreen: Si yatamwagika yote siku hiyohiyo?

Mzee Salehe: Yatamwagika ukichomeka kwenye udongo mkavu. Mwagilia kwanza mpaka maji yatokee chini ya ndoo. Udongo mbichi unaziba tundu. Ukikauka, hewa inapanda ndani ya chupa na maji yanashuka kidogo. Jaribu leo, usingoje Alhamisi usiku. Ila Frank, mnyanya wenye matunda chupa moja haiufikishi wiki mbili.

Frank: Shikamoo mzee 🙈

Mama Doreen: Na nyanya ndizo zinaniuma, zimeanza kuiva!

Mzee Salehe: Marahaba Frank. Nyanya zinataka utambi. Ndoo ya lita 20 yenye maji iweke juu ya matofali, mimea iizunguke. Chana fulana kuukuu ya pamba, ilowanishe, ncha moja ifike chini kabisa ndani ya ndoo, nyingine ifukie karibu na mizizi. Kila mmea utambi wake. Uwe mwembamba, ukiwa mnene ndoo itakauka upesi.

Mama Juma: Na hiyo ndoo funikeni jamani! Dengi ya 2019 mmeshaisahau? Mbu wake anapenda maji masafi yaliyotulia, na wiki mbili zinamtosha kuzaliana. Kateni mfuniko, tambi zipite hapo.

Bi Mwanaidi: Mie nimezika mtungi wa udongo katikati ya mabamia, umebaki mdomo tu. Naujaza, naufunika, maji yanapenya yenyewe taratibu. Usiwe wa kupakwa rangi, wala chungu kilichopikiwa, mafuta yamekwisha kukiziba. Nikienda Tanga nakuta mabamia hayana habari.

Mama Doreen: Mtungi nitautafuta nikirudi, bibi. Sasa hivi nyanya utambi, mlimau chupa mbili. Shubiri je?

Mzee Salehe: Iache. Shubiri inauawa na maji.

Mama Doreen: Mchicha?

Mama Juma: Huo tuachie sisi tuchume. Wiki mbili bila kuchumwa si utatoa mbegu?

Frank: Mama Juma 😂😂

Mama Doreen: Chumeni, ila anayechuma amwagilie. Ufunguo wa geti la nyuma nampa Bi Mwanaidi.

Mama Juma: Na nyanya zikiiva?

Mama Doreen: Nyanya mnipigie kwanza.