Naomba ushauri: taa inaua bakteria hata bila unga wa titani
Habari zenu wakuu. Nina mradi wa mwaka wa mwisho: kuua bakteria wa E. coli kwenye maji kwa chembe nano za titani dioksaidi (unga laini sana unaoua bakteria ukimulikwa), chini ya taa ya UV (mwanga wa urujuanimno) ya nanomita 365. Tatizo, sahani za kulinganishia, zilizopata mwanga bila unga, nazo zinatoka karibu tupu. Zenye unga zilizokaa gizani zimejaa makoloni kama kawaida, kwa hiyo unga peke yake sina wasiwasi nao. Nimeisogeza taa mbali, nikaweka bika kwenye maji ya barafu nikidhani ni joto, wapi!

Je, nizidi kupunguza mwanga, au nihamie titani dioksaidi iliyochanganywa na naitrojeni, inayoweza kutumia mwanga unaoonekana, na taa nyeupe ya kawaida? Na bafa ya fosfeti (myeyusho wa kutuliza pH) ninayotumia, yaweza kuwa inaziba uso wa chembe?