Panya shamba wakubwa mwezi wa tisa, lakini hawajabalehe. Wanaumwa?

Mdadisi_wa_Shamba:
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Nategea panya shamba (Mastomys natalensis) kwenye mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Karibu kila jike ninayemshika ana mwili wa panya aliyekomaa, lakini uke umezibwa na utando. Madume nao korodani hazijashuka. Panya wa maabara hubalehe wakiwa na wiki chache tu, hawa wana miezi. Wamedumaa, au kuna sumu shambani?

Mama_Mitego:
Hawaumwi, mkuu. Wanasubiri mvua, na kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu huyu mnyama.

Panya wa porini habalehi kwa sababu tu umri umefika. Lazima ubongo uruhusu. Haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, hutoa homoni ya GnRH kwa mapigo. Mapigo yakikaribiana vya kutosha, tezi ya pituitari humwaga homoni za LH na FSH kwenye damu, nazo huamsha ovari na korodani. Ovari ikianza kutoa estrojeni, ndipo huo utando unaouona unafunguka. Ukiukuta mzima, jua huko juu bado kimya.

Seli za GnRH nazo husukumwa na kisspeptini, kemikali nyingine ya ubongo. Mwaka 2003 ilionekana kwamba kipokezi cha kisspeptini kikiharibika, iwe kwa panya au kwa binadamu, balehe haiji. Hapo ndipo habari za mwili zinapopita, ikiwemo leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kueleza akiba iliyopo. Kiangazi, akiba hiyo haitoshi kulea mimba.

Ukitaka kujua kama amebalehe, usimpime kwa uzito. Mgeuze, puliza manyoya ya tumbo. Chuchu zikiwa vidoti vilivyojificha, hajawahi kunyonyesha. Kwa dume, kuwa mwangalifu zaidi: akishtuka huzivuta korodani ndani, kwa hiyo angalia mfuko wenyewe. Ukiwa umelegea na manyoya yake ni machache, huyo alishawahi kuwa tayari.

Kijana_wa_Baiolojia:
Dada, si ni urefu wa mchana? Hamsta wa Siberia, mnyama mdogo wa jamii ya panya, korodani husinyaa siku zikifupika.

Mama_Mitego:
Kweli kabisa, kwa hamsta. Usiku ukirefuka, tezi ya pineali ya ubongoni hutoa homoni ya melatonini kwa saa nyingi zaidi, na uzazi unafungwa. Lakini chukua Morogoro, ambako panya shamba wamefuatiliwa kwa miaka mingi: tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka haifiki saa moja. Kule mvua ndiyo inayosomeka, pamoja na majani mabichi yanayoifuata.

Na majani yenyewe yanaweza kuwa na ujumbe. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani waliwapa panya wa nyasi wa milimani (Microtus montanus) chakula chenye 6-MBOA, kemikali ya nyasi changa, katikati ya majira ya baridi wakati hawazai. Majike wakashika mimba. Sisemi kwamba panya shamba naye anafuata kemikali hiyo hiyo, ila inaonyesha mnyama anaweza kuanza uzazi kabla chakula hakijajaa, ili watoto waachishwe ziwa wakati mbegu zimekomaa.

Mdadisi_wa_Shamba:
Shukrani sana, dada. Sasa kwa mkulima hii ina maana gani?

Mama_Mitego:
Kubwa sana. Watoto wa mwisho wa masika hukaa bila kubalehe hadi mvua zinazofuata. Lakini vuli ikinyesha nyingi na mapema, watoto wa mwanzo hubalehe na kuzaa msimu ule ule, na hapo ndipo milipuko inapotokea. Mimba ni siku 23 hivi, jike huzaa hata zaidi ya kumi kwa mkupuo, na chuchu zake zaweza kufika 24.

Kwa hiyo wabane sasa, kabla mvua hazijaanza, wakati kila unayemtoa hajaacha watoto nyuma yake. Shirikianeni na majirani, maana shamba moja likisafishwa peke yake, wa pembeni huhamia. Dawa za kuzuia uzazi pia zimejaribiwa kwa panya hawa Tanzania, zenye levonorgestreli na kwinestroli, na uzazi ulipungua. Ila usijichanganyie mwenyewe: hizo ni homoni, na ndege au mbwa anaweza kula chambo. Mvua zikianza, endelea kuwageuza kila wiki. Ukikuta majike wameanza kufunguka Desemba badala ya Machi, waambie wenzako siku hiyo hiyo.