Mwanza: nimeuziwa "lenzi ya usiku" mara mbili, na zote mbili hazifai usiku

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Hasira yangu niliipa wiki mbili ipoe kabla ya kuandika, na haikupoa. Duka sitalitaja, kwa sababu nia yangu si kuvunja biashara ya mtu, na pia kwa sababu nimeshaongea na wapiga picha wenzangu wa Nyamagana na Ilemela nikagundua kwamba mchezo huu niliochezewa mimi umewapata wengi, katika maduka tofauti na kwa maneno yaleyale. Ninachotaka ni kueleza kwa kirefu namna mtu anavyouziwa lenzi isiyomfaa huku akiambiwa kwamba ndiyo hasa aliyoitafuta, ili anayekusanya fedha zake kidogo kidogo asije akazimwaga kama nilivyozimwaga mimi.

Kamera yangu ni Nikon D3400, na lenzi niliyokuwa nayo ni ile iliyokuja na boksi, ya milimita 18 hadi 55. Nilipata kazi kutoka kwa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa Igombe, ambao walihitaji picha za safari nzima ya dagaa, tangu mitumbwi inaporudi hadi mzigo unapotandazwa juani, kwa ajili ya vifungashio vyao na bango moja kubwa. Aliyekulia mbali na ziwa huenda asijue kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, nyakati za giza, kwa sababu mbalamwezi ikishaenea juu ya maji taa ya mvuvi hupoteza nguvu yake ya kuwavuta. Kwa hiyo mzigo hufika ufukweni kabla hakujapambazuka, na sehemu kubwa ya kazi ya kuushusha hufanyika wakati mwanga pekee uliopo ni wa taa za betri zilizorudi na mitumbwi. Flashi pale haifai, maana inafuta mwanga wa zile taa, ambao ndio picha yenyewe, na inawapofusha watu waliobeba mabeseni kichwani huku wakikanyaga mawe yenye utelezi. Stendi ya miguu mitatu nayo haina mahali pa kusimama katikati ya watu wanaopishana majini. Ni kamera mkononi, basi.

Haya yote nilimweleza muuzaji, tena kwa utulivu, nikamwonyesha na picha mbili za simu ili aone giza lenyewe lilivyo. Akaniambia, "Kaka, hiyo kazi ndogo sana," akateremsha lenzi ya milimita 55 hadi 200, f/4 hadi f/5.6 (hiyo ndiyo namba ya upana wa tundu la mwanga; ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), yenye maandishi ya VR ubavuni. Akasema ile VR inazuia mtikisiko, kwa hiyo ni lenzi ya usiku. Kisha akaigeuza mbele, akaipangusa kwa kona ya shati lake (hapo tu ningepaswa kuondoka), akasema nitazame kioo kilivyo kikubwa, mwanga utaingia wa kutosha na kubaki. Nililipa shilingi 380,000.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa Igombe, suruali nimeikunja hadi magotini. Nilifungua tundu la lenzi, yaani apacha, hadi mwisho wake, nikapandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 6400, na bado kamera ikanipa spidi, yaani muda wa kupokea mwanga, ya moja ya 15 ya sekunde. Nilipiga picha 412. Kuna moja ambayo nimeihifadhi kama ushahidi: mtumbwi uliokwisha kuvutwa mchangani umetulia, jina lake lililoandikwa kwa rangi nyeupe linasomeka herufi kwa herufi, hata misumari ya mbao inahesabika; na mbele yake, pale ambapo wanapaswa kuwepo wanaume wawili na beseni, kuna moshi. Moshi wenye miguu. VR ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza mkono wangu mimi, lakini haina uwezo wowote juu ya mtu anayetembea mbele ya kamera, na hakuna kitakachomgandisha mtu huyo isipokuwa spidi, ambayo gizani hutoka kwenye tundu pana au kwenye ISO, na ISO ikizidi picha inajaa chenga.

Sasa nirudi kwenye kile "kioo kikubwa", kwa sababu ndicho kinachowanasa wengi, na nakiri kwamba kilininasa na mimi. Namba ya f hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi, ile milimita, kwa kipenyo cha tundu lake. Milimita 200 kwa f/5.6 ni tundu la milimita 36 hivi. Milimita 35 kwa f/1.8 ni tundu la milimita 19 tu. Ukiyaweka mezani pamoja, utaapa kwamba lile la kwanza ndilo linalokula mwanga mwingi. Lakini zumu, yaani ile lenzi ya 55 hadi 200, ikiwa imevutwa hadi mwisho inachukua kipande kidogo cha ufuko na kukitandaza juu ya sensa nzima, kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera, kama mtu anayepaka kijiko kimoja cha samli kwenye chapati ya sinia, wakati ile fupi inakusanya mwanga wa ufuko mzima na kuubana kwenye sensa ya ukubwa uleule. Kwa hiyo cha kuangalia ni namba, kioo kikubwa hakikuambii kitu: f/1.8 inaipa sensa mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Kuna na adhabu ya pili. Kwa kamera za sensa ndogo kama yangu, kanuni ya zamani ya mkono inataka spidi isiyopungua moja gawanya kwa urefu wa lenzi uliozidishwa kwa 1.5, ambayo kwa milimita 200 ni moja ya 300, na kwa milimita 35 ni moja ya 50 tu. Niliuziwa lenzi inayodai spidi kubwa zaidi na kutoa mwanga mdogo zaidi, na nikaambiwa ni ya usiku.

Nilirudi dukani siku ya nne. Muuzaji hakubisha sana, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini mara ya pili. Alisema zumu ataichukua kwa shilingi 250,000 kwa kuwa "imeshatumika", kisha akanipa lenzi ya milimita 50, f/1.8, herufi D mwishoni, kwa 320,000, nami nikaongeza 70,000. Namba ilikuwa sahihi, na kwa f/1.8 sikuwa na neno. Alipoifunga kwenye kamera, kwenye skrini ikatokea alama ya fEE, akahangaika nayo kidogo, akaniambia kamera yangu inahitaji kusafishwa. Nilipofika nyumbani nikajua kwamba alama ile maana yake ni pete ya apacha iliyopo kwenye lenzi haijazungushwa hadi f/22 na kufungwa, jambo la sekunde mbili ambalo muuza lenzi anapaswa kulijua hata akiwa na homa. Nikaizungusha. Alama ikaondoka, lakini fokasi, yaani kule kulenga ili picha iwe wazi, haikusogea. Nilibonyeza kitufe hadi kidole kikauma, na lenzi ikakaa kimya kama jiwe la Bismarck.

Muuzaji kwa simu alisema, "Bosi wangu, hapo kamera yako ndiyo mbovu."

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, ambaye hakunitoza hata shilingi. Aliigeuza lenzi kitako juu, akanionyesha kwenye pete ya chuma kijitundu chenye mfereji katikati, mfano wa kichwa cha skrubu. "Hiki ni cha kuzungushwa," alisema, "na kamera yako haina cha kukizungushia." Akatoa rafuni kamera ya Nikon D7100 kuukuu, akavua kifuniko, na kwenye pete yake kulikuwa na kijiulimi cha chuma kinachochomoza, sawa na ncha ya bisibisi. Akanipa kamera yangu niangalie. Pete ni laini, hakuna kitu. Ndugu zangu, lenzi za Nikon zilizoandikwa AF peke yake, zikiwemo hizi za D, hazina mota ndani. Hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, na kamera za familia ya D3000 na D5000, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwa vijana wetu kwa sababu ya bei, hazina mota hiyo. Hizo zinahitaji lenzi iliyoandikwa AF-S, au AF-P kwa zile mpya kidogo kama yangu. Familia ya D7000 haina shida. Wenzetu wa Canon hawakutani na mtego huu, maana lenzi zao za EF za fokasi ya otomatiki zina mota ndani.

Mtu ataniambia nizungushe fokasi kwa mkono. Nimejaribu. Kidirisha cha kuchungulia cha D3400 ni kidogo, na pale chini kuna kidoa cha kijani kinachowaka fokasi inapokaa. Kwa taa iliyotundikwa mahali pamoja nilifanikiwa. Lakini kwa milimita 50 na f/1.8, mtu akiwa umbali wa mita 2, eneo linaloonekana vizuri lina kina cha sentimita 11 hivi. Mama anapiga hatua moja na kidoa kimezimika. Isitoshe, milimita 50 kwenye sensa yangu inaona eneo finyu kama la milimita 75, na ili nimpate mtu na mtumbwi wake kwa pamoja ilinibidi nirudi nyuma hadi maji yakanifika kiunoni, kamera nimeiinua juu kama mtu anayevuka mto na mtoto.

Kufikia hapo mwezi ulikuwa umeshakua, mitumbwi mingi imepumzishwa, na mwenyekiti wa kikundi akaanza kunijibu kwa "sawa" moja tu kwenye simu. Giza lililofuata nilimwomba mwenzangu mmoja lenzi yake ya AF-S ya milimita 35, f/1.8G, ile ya sensa ndogo. Ni lenzi nyepesi, ya plastiki, unaweza kuitia mfuko wa shati. Ufuko uleule, saa ileile, ISO ileile ya 6400, tundu nimeliweka f/2, na spidi ikawa moja ya 125. Katika picha waliyoichagua kwa ajili ya bango, mama anamimina beseni, dagaa wanameta kwa mwanga wa taa, na maji yanayoruka pembeni yanaonekana kama michirizi mifupi myeupe. Chenga zipo ukizitafuta. Hakuna aliyezitafuta.

Kuna watakaosema ningenunua f/1.4 na kumaliza maneno. Kwa bei yake, ambayo huwa imepanda mno, inaongeza mwanga wa asilimia 65 hivi juu ya f/1.8, haifiki hata mara mbili, na mimi kwa kazi za mkononi ufukweni nisingeilipia. Zumu ya f/2.8 ni jambo lenye heshima zaidi, hasa kwa wapiga picha wa harusi wasioweza kusogea ukumbini, ingawa f/1.8 bado inaishinda kwa mwanga karibu mara mbili na nusu.

Nilirudi dukani mara ya tatu nikiwa na maelezo ya fundi. Nikaonyeshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza muuzaji kama hakukumbuka kwamba nilimtajia kamera yangu kwa jina, tena iko shingoni mwangu, na kwamba nilimweleza kazi yenyewe kabla ya kutoa fedha. Alikumbuka vizuri. Alisema yeye anauza, mteja ndiye anayechagua. Kwa kumbukumbu yake na ya wenzake, nchi hii ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia huku akitegemea ujuzi wake, suala la kama bidhaa inafaa kwa matumizi hayo linamhusu muuzaji pia. Barua yangu kwa Tume ya Ushindani nimeshaiandika, risiti zote mbili nimezinakili, na nitaipeleka Jumatatu asipobadili msimamo.

Kwa sasa nimebaki na AF 50mm f/1.8D, kioo safi, hakina ukungu wala mkwaruzo. Mwenye D7100 au D7200 anayeihitaji aniandikie faragha. Wa D3400 na D5300 asijisumbue, simuuzii.