Mafundi mnaofunga sabufa bila kukaa siti ya dreva na kuisikiliza, MNATUUMIZA!

Wakuu, leo nina hasira na uzi huu utakuwa mrefu. Mnivumilie.

Gari ni sedani, siti ya nyuma hailali. Nilimpa fundi sabufa ya inchi 12 ikiwa ndani ya boksi lake, amplifaya na nyaya zote, nikamuuliza swali moja tu: itakaa wapi ili besi ifike mbele? Akajibu, "Sabufa inakaa buti, bosi, hamna pengine." Basi. Hakupima chochote, hakuwasha hata redio. Alilisukuma boksi mpaka likagusana na mgongo wa siti, uso wa spika ukatazama mbele, drili ikashuka kwenye sakafu ya gari.

Ikawa ukisimama nyuma ya gari unasikia mfuniko wa buti unatetemeka na kibao cha namba kinagongagonga. Ukikaa kwenye usukani, besi hamna. Kuna mvumo mzito wa noti moja, halafu ngoma yenyewe ikipiga huisikii kifuani. Nilipomrudia akasema nifungue sauti ya amplifaya zaidi. Nikafungua, kelele za nje zikaongezeka, ndani pakabaki vilevile.

Hiki ndicho kinachonikera kupita kiasi: tatizo hilo linajulikana, na dawa yake haina gharama hata kidogo. Sauti ya besi ina mawimbi marefu. Kwenye Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde) wimbi moja lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, yaani refu kuliko gari lenyewe. Sauti ya namna hiyo haiendi mbele kwa sababu tu spika imeangalia mbele. Inatawanyika kila upande. Sehemu inakwenda moja kwa moja kwenye siti, sehemu nyingine inarudi nyuma, inagonga mwisho wa buti, kisha inageuka kuifuata ile ya kwanza ikiwa imechelewa. Kama kutoka kwenye spika hadi mwisho wa buti ni mita 1, ile inayorudi imetembea mita 2 za ziada, na karibu na Hz 85 mawimbi hayo mawili yanakutana yakiwa kinyume na kuuana. Kwenye gari lenye buti refu, lenye mita 1.5 hapo, shimo hilo la besi linashuka hadi karibu na Hz 57, palepale penye ngumi ya ngoma.

Ndiyo maana kwenye sedani nyingi boksi husogezwa nyuma kabisa, karibu na taa, na spika ikatazama nyuma. Ile safari ya kwenda na kurudi inakuwa fupi, na mahali mawimbi yanapouana panapanda juu kabisa, nje ya eneo la kazi ya sabufa. Nimelifungua boksi langu mwenyewe, nikaligeuza, nikaliacha bila skrubu, nikawasha muziki uleule kwa sauti ileile. Ni kama gari jingine! Mke wangu alikuwa amekaa mbele akaniuliza nimenunua spika gani mpya.

Sisemi kwamba kutazama nyuma ni sheria ya kila gari. Ukitaka spika itazame mbele kwenye sedani inawezekana, lakini lazima buti litenganishwe na chumba cha abiria: boksi liingie kwenye uwazi wa siti, mianya yote pembeni izibwe kwa mbao na sponji, ili sauti iingie ndani na isizunguke kwenye buti. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira. Kulisukuma tu boksi hadi kwenye siti hakujaziba kitu. Na boksi likiwa lile lenye tundu la hewa, tundu linahitaji nafasi mbele yake, angalau sawa na upana wake. La kwangu lina tundu upande uleule wa spika, na lilikuwa limekabwa na sponji ya siti. Hivi mtu anayejiita fundi haoni hilo kwa macho?

Wenye gari ambalo buti na chumba ni kitu kimoja wana unafuu, maana hakuna ukuta katikati. Hata hivyo tofauti ya kuliweka boksi kwenye kona na kuliweka katikati unaisikia wazi. Wenye pikapu hawana uchaguzi mkubwa: nyuma au chini ya siti ya nyuma, kwenye boksi jembamba lililofungwa kabisa.

Kuna wanaowashauri watu waweke ile sabufa nyembamba chini ya siti ya mbele. Kwa mwenye kuhitaji buti lake kwa mizigo ni suluhisho zuri, ingawa usitegemee itikise kifua. Lakini ingizeni tochi chini ya siti kwanza. Mtaona soketi za rangi ya njano. Hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa na vikaza mkanda, na siyo za kuchezewa wala kuvutwa. Isogezeni siti mbele na nyuma hadi mwisho, muone reli zinapita wapi, ndipo mfikirie kuweka chochote. Kwenye shimo la tairi la spea nako panafaa kwa mtu aliyekubali kusafiri bila spea, na aliyehakikisha maji hayatuami humo. Mimi sikuulizwa. Boksi alilifunga juu ya kifuniko cha spea, ningepata pancha usiku ningetoa skrubu kwanza ndipo nifikie tairi!

Kuhusu skrubu hizo, hapa nitasema kwa ukali. Nililala chini ya gari na tochi nikaona ncha ya mojawapo imetokeza upande wa pili, chuma kimechubuka na kung'aa, na kati yake na bomba la mafuta unapita upana wa kidole. Kidole kimoja! Hakuna aliyeinama kuangalia chini kabla ya kutoboa. Kwenye magari mengi tenki liko chini ya siti ya nyuma au sakafu ya buti, na mabomba ya mafuta na breki yanapita jirani. Mtu anayetoboa hapo kwa kukisia anacheza na roho za familia ya mtu.

Na kuliacha boksi bila kufungwa si jibu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na mwendo wa kitu kilichoanguka kutoka karibu mita 10 juu. Fikirieni boksi la kilo 25 kwa mwendo huo, na watoto wako siti ya nyuma. Lifungwe kwa mikanda kwenye ndoano za mizigo za gari lenyewe kama zipo, au kwa bolti zilizopitishwa mahali palipokaguliwa juu na chini.

Mafundi mnaosoma hapa, ninachodai ni kidogo. Kabla ya skrubu ya kwanza, liacheni boksi huru. Washeni muziki wenye besi mnaoufahamu, fungeni milango na vioo, mwenye gari akae siti ya dreva. Ligeuzeni: mbele, nyuma, juu, kona ya kushoto, kona ya kulia. Krosova, yaani kikomo cha juu cha sauti zinazopelekwa kwenye sabufa, iwe karibu na Hz 80, maana ikipanda sana sikio linaanza kuitambua besi kuwa iko nyuma. Kila boksi linapohama, kile kitufe cha fezi, kinachogeuza mwelekeo wa mtetemo wa spika, kibonyezwe kutoka 0 kwenda 180, kibaki pale penye besi nzito zaidi. Ndipo mfunge. Na waya wa betri uwe na fyuzi karibu na betri yenyewe, ndani ya sentimita 45. Wangu haukuwa nayo kabisa, nimeuchomoa leo asubuhi.

Pesa nataka nirudishiwe, na hilo nalishughulikia na mhusika mwenyewe.

Kwenu wadau wenye sedani ambayo siti ya nyuma hailali: boksi lenu limekaa wapi, limetazama wapi, na mmelifunga na nini? Wenye picha za chini ya gari baada ya kufunga, tafadhali ziwekeni.